Mchakamchaka na Elimu ya Pumzi

Miongoni mwa mambo ambayo shule zetu za Tanzania ziliyarithi bila kuelezwa sababu yake, na ambayo baadhi yake sasa zinayaacha bila kuijua thamani yake, mchakamchaka wa alfajiri unastahili mtetezi. Nami nachukua kalamu kuutetea, si kwa mapenzi ya mambo ya kale, wala kwa kuwahurumia walimu wa zamu ambao huamka kabla ya wanafunzi wao, bali kwa sababu elimu ya mwili, kama walivyoifunua wataalamu katika muda wa karne moja iliyopita, inashuhudia kwamba katika mbio zile za pole, zenye nyimbo na kuitikiana, mna faida ambayo mazoezi mengi ya haraka na ya kushindana huikosa.

Asiyepata kuuona mchakamchaka na aufikirie hivi. Kabla jua halijapanda, watoto hujipanga wawili wawili katika safu ndefu. Kiranja hukaa ubavuni pa safu, huanzisha wimbo kwa sauti ya juu, na safu nzima humwitikia, huku nyayo zikigonga ardhi kwa mapigo ya wimbo wenyewe. Hatua ni fupi, magoti hayapandi sana, vumbi hufika vifundoni, na mwendo ni ule ambao mtu mzima mwenye siha angeweza kuufuata kwa kutembea hima. Mtindo huu unafanana sana na ule wa kambi za Jeshi la Kujenga Taifa, lililoasisiwa mwaka 1963, ambako vijana hukimbia wakiimba maili baada ya maili. Hakuna anayepewa zawadi kwa kutangulia, wala anayetahayarishwa kwa kuwa nyuma. Lakini liko sharti moja ambalo kiranja halisamehe, nalo ni kuitikia. Katika sharti hilo la kuimba ndimo ilimo elimu yote ninayotaka kuieleza.

Msuli unapojikunja hutumia kemikali moja tu, ijulikanayo kwa ufupi kama ATP, ambayo Karl Lohmann aliigundua nchini Ujerumani mwaka 1929. Akiba yake ndani ya msuli ni haba mno, haitoshi juhudi kubwa ya zaidi ya sekunde mbili au tatu. Na maadamu haiwekeki kwa wingi, sharti itengenezwe upya kila nukta, usiku na mchana, tukiwa tumelala au tunakimbia. Kemikali nyingine iliyomo mumo humo msulini, kreatini fosfeti, huweza kuirudisha upesi sana, lakini nayo hupungua kwa kiasi kikubwa katika muda wa sekunde kumi hivi za juhudi kali. Zaidi ya hapo zimebaki njia mbili. Moja ni kuivunja sukari ya mwili, yaani glukosi, pasipo oksijeni, njia iliyo ya haraka lakini ya israfu, kwani kila molekuli ya glukosi inayopita humo huacha faida ya ATP mbili tu. Ya pili ni kuimaliza sukari hiyohiyo kwa msaada wa oksijeni ndani ya vijumba vidogo vya seli viitwavyo mitokondria, ambako molekuli moja hutoa ATP takriban 30 au kuzidi kidogo, na mabaki yake hayazidi maji na hewa ya ukaa. Fauka ya hayo, mafuta ya mwili hayana njia nyingine ya kutoa nishati yake isipokuwa hii ya oksijeni. Na mafuta ndiyo hazina kubwa, kwani mtu mwembamba wa kilo 60, akiwa na kilo sita tu za mafuta, amebeba kalori zinazozidi 50,000, ilhali wanga wote uliohifadhiwa katika misuli na ini lake hauzidi sana kalori 2,000.

Wengi wetu tulifundishwa jambo hili kana kwamba mwili huifunga njia moja kabisa ndipo uifungue nyingine. Sivyo ulivyo. Njia zote hufanya kazi pamoja tangu hatua ya kwanza, na kinachobadilika ni fungu la kila moja. Katika juhudi ya nguvu zote, fungu la oksijeni hulingana na fungu lisilo la oksijeni baada ya sekunde 75 hivi, jambo ambalo watazamaji wengi hawalidhanii. David Rudisha wa Kenya alipokimbia mita 800 mjini London tarehe 9 Agosti 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, akiumaliza mzunguko wa kwanza kwa sekunde 49.28, macho yaliona kasi tupu. Walakini zaidi ya nusu ya nishati iliyomfikisha utepeni ilitokana na oksijeni.

Anayetaka kuiona njia ya kwanza, ile isiyongoja oksijeni, na amtazame mkwezi katika shamba la minazi kule pwani. Hutia kamba miguuni, huukumbatia mnazi, na huupanda bila kusita, mikono ikivuta na miguu ikisukuma, mpaka kileleni. Na katika safari hiyo fupi mapaja na mikono hutaka nishati nyingi kwa ghafla kuliko ile ambayo moyo na mapafu yangeweza kuihudumia kwa wakati, kwani oksijeni inayofika kwenye misuli huchukua dakika moja hadi tatu kupanda mpaka kiwango kinachohitajika. Afikapo juu hashiki panga mara moja. Hushika makuti, hutulia, kifua kikipanda na kushuka, ndipo aanze kuangua. Aliye chini hudhani anachagua madafu, kumbe analipa.

Neno hilo la kulipa si langu. A. V. Hill, mtaalamu wa misuli wa Uingereza aliyekuwa mkimbiaji yeye mwenyewe, na ambaye alijipima kwa kukusanya pumzi zake katika mfuko wakati wa kukimbia, ndiye aliyeeleza katika miaka ya 1920 kwamba mtu afanyaye juhudi iliyozidi uwezo wa pumzi zake hukopa, na kwamba kuhema baada ya kusimama ni kulipa deni la oksijeni, kama mtu aliyechukua unga dukani kwa daftari akaulipia mwisho wa mwezi. Hesabu ya deni hilo imesahihishwa tangu hapo: imebainika kwamba oksijeni itumikayo baada ya mbio ni zaidi ya ile iliyokopwa, kwa kuwa mwili una moto wa kupoza, homoni za kutuliza, na damu na misuli ya kujazwa hewa upya. Walakini kiini chake hakikubatilika. Mwaka 1907 Walter Fletcher na Frederick Hopkins, katika chuo cha Cambridge, walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba misuli ya chura ikitumikishwa pasipo oksijeni hujaa asidi ya laktiki hadi ikachoka, na ikipewa oksijeni asidi hiyo hutoweka. Na Hill alipotunukiwa Nobeli ya mwaka 1922 pamoja na Otto Meyerhof wa Ujerumani, ilikuwa ni kwa kazi zao juu ya joto na kemikali za misuli.

Hapa sina budi kuiondolea laktiki dhulma iliyofanyiwa. Kwa miaka mingi imesemwa, na hata leo husemwa na makocha wengi katika viwanja vyetu, kwamba laktiki ni taka, kwamba ni sumu, na kwamba maumivu yanayompata mtu siku ya pili baada ya mazoezi yametokana nayo. Dhana hiyo haina msingi. Mtu akikimbia mpaka laktiki ikajaa katika damu yake, ndani ya muda wa saa moja hivi huwa imekwisha kurudi katika kiwango cha kawaida. Yawezaje basi kumuumiza kesho yake alfajiri? Maumivu ya kesho yana asili nyingine, nayo ni michubuko midogo ya nyuzi za misuli, hasa pale msuli unaponyooshwa huku ukijitahidi kujikunja, kama katika kuteremka mlima au katika ile adhabu ya kuruka kichurachura, ambayo mtoto akipewa leo kwa kuchelewa, kesho hushindwa kushuka ngazi. Ama laktiki yenyewe ni chakula. Carl na Gerty Cori walionyesha kwamba ini huipokea kutoka katika damu na kuigeuza tena kuwa glukosi. Na baadaye George Brooks wa Marekani alibainisha kwamba moyo wenyewe, pamoja na nyuzi za misuli zisizo na haraka, huichukua laktiki iliyotolewa na nyuzi nyingine na kuitumia kwa oksijeni. Iko ajabu moja juu ya haya: chembe nyekundu za damu, ambazo kazi yake ni kubeba oksijeni na kuifikisha kila pembe ya mwili, hazina mitokondria hata moja, na kwa hiyo maisha yao yote hupata nishati kwa kuvunja sukari pasipo kuitumia hata chembe ya amana ziliyoibeba.

Kisichochukulika kwa wepesi ni ile asidi inayozidi pamoja na laktiki pale mwendo unapokuwa mkali. Mtu anapoongeza kasi kidogo kidogo, hufika mahali ambapo laktiki huzalishwa upesi kuliko inavyotumiwa, na kuanzia hapo uchachu wa damu hupanda. Damu ina silaha yake, baikaboneti, chumvi iliyo ya jamaa moja na magadi ya jikoni. Hiyo huikamata asidi, na kutokana na mkamatano huo huzaliwa hewa ya ukaa, ikawa nyongeza juu ya ile inayotoka katika mitokondria. Ubongo, ambao hauistahimili hewa ya ukaa ikizidi, huyaamuru mapafu yaitoe, na mara mtu aliyekuwa akipumua kwa utulivu huanza kuhema, kisha kutweta. Sasa, kuimba ni kuizuia pumzi na kuitoa polepole kwa kadiri ya maneno, jambo lisilowezekana kwa mwenye kutweta. Hivyo basi, mahali pale pale ambapo asidi huanza kuishinda damu ndipo, kwa wengi wetu, ubeti unapokatika kinywani. Madaktari wa michezo katika nchi za mbali hutumia kipimo cha mazungumzo kwa wagonjwa wao wa moyo, wakiwaambia kwamba maadamu waweza kuzungumza bila taabu mwendo wako una salama; kiranja wa shule ya msingi, pasipo kusoma kitabu chochote cha matabibu, amekuwa akitumia kipimo kilekile kwa watoto mia tatu kwa mara moja.

Ni lipi basi linalojengwa na mwendo wa namna hii? Mwaka 1967 John Holloszy, katika mji wa St. Louis nchini Marekani, aliwazoeza panya kukimbia kwa majuma kadhaa, akakuta kwamba uwezo wa mitokondria za misuli yao kutumia oksijeni umeongezeka takriban maradufu. Yaliyoonekana kwa panya yameonekana kwa binadamu pia: msuli unaotumikishwa kwa muda mrefu huongeza mitokondria zake, huotesha vishipa vidogo vya damu kuuzunguka, na hujifunza kutumia mafuta mapema ili kuuhifadhi wanga, na moyo nao hutanuka vyumba vyake, ukasukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, hata mapigo yake ya mapumziko yakapungua. Juu ya hayo liko jambo ambalo katika zama hizi za kisukari kuenea mijini linastahili kuandikwa kwa wino mzito: msuli unaofanya kazi huinyonya sukari kutoka katika damu hata pale ambapo insulini imekuwa dhaifu. Mtoto akimbiaye kwa kuimba kila alfajiri hajengi miguu tu. Anajenga mahali ambapo sukari ya chai na maandazi ya mapumziko itakwenda kutumika, badala ya kuzurura katika damu.

Najua hoja mbili zitakazoletwa dhidi yangu. Ya kwanza itasema kwamba mwendo wa pole hauzalishi mashujaa, na itanitajia Filbert Bayi, ambaye tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, aliongoza mbio za mita 1,500 tangu mwanzo hadi utepeni kwa dakika 3 na sekunde 32.16, akaweka rekodi ya dunia mbele ya John Walker wa New Zealand na Ben Jipcho wa Kenya. Naitukuza sifa ile kama Mtanzania yeyote. Lakini katika mbio za masafa yale zaidi ya robo tatu ya nishati hutoka katika oksijeni; na mtu atakayethubutu kutoka mbele kwa kasi namna ile, akakopa mapema mbele ya macho ya wapinzani wote, asiangamie kabla ya utepe, sharti awe na moyo na mitokondria ambazo hazipatikani kwa majuma mawili ya mazoezi makali. Wanaotaka mashujaa wengine wa mita 1,500 hawana haja ya kuukimbia mwendo wa pole.

Hoja ya pili itasema kwamba mtoto anahitaji pia kasi, na hiyo naikubali bila ubishi. Nguvu isiyongoja oksijeni ndiyo impitishayo mtu barabarani gari linapomjia, ndiyo imwinuayo mvuvi kuvuta jarife lililojaa, na msuli usiotumikishwa kwa ghafla hata mara moja hupoteza ukakamavu wake. Lakini kwa upande huu watoto wetu hawana upungufu, maana rede, kombolela na kandanda ya mchangani yote ni mbio za ghafla na mapumziko ya hapa na pale, na mtoto kwa maumbile yake hupumzika akarudi hali yake upesi kuliko mtu mzima. Apewe uwanja na wasaa, basi; kasi ataipata mwenyewe bila kufundishwa.

Ninachokipinga, na kukipinga kwa nguvu, ni kuufanya mchakamchaka kuwa mashindano au adhabu. Iko tabia ya baadhi ya walimu kuwafukuza watoto mpaka wa mwisho, kisha kumchapa au kumzungusha uwanja aliyebaki nyuma. Mwalimu afanyaye hivyo huenda anamkimbiza mtoto mwenye pumu, au mwenye selimundu, na Tanzania ni mojawapo ya nchi zenye watoto wengi duniani wanaozaliwa na maradhi hayo. Selimundu ni maradhi ya chembe zile zile nyekundu nilizozitaja, ambazo hupinda na kukwama katika vishipa pale damu inapopungukiwa oksijeni na kuzidiwa asidi, yaani hali ileile inayoletwa na kukimbizwa kupita pumzi. Kwa mtoto wa namna hiyo mzunguko mmoja wa adhabu waweza kuwa ni hatari ya maisha, wala si jambo la kuachiwa hasira ya asubuhi moja. Mzazi ayajuaye maradhi ya mwanawe na ayaeleze shuleni kwa maandishi, na mwalimu mkuu aone kwamba kila mwalimu wa zamu anayo orodha hiyo. Mtoto huyo atembee kando ya safu kwa mwendo wake, anywe maji kila atakapo, na asiulizwe mbele ya wenzake kwa nini hakimbii.

Katika shule kadhaa za mijini nimeambiwa kwamba hakuna nafasi ya mchakamchaka tena, kwa kuwa masomo ya ziada huanza saa kumi na mbili na nusu, na magari ya shule huwafikisha watoto wakiwa bado wanasinzia. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto apate wastani wa dakika 60 za kuutumikisha mwili kila siku, na mtu mzima dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa juma. Mtoto aliyekaa kwenye gari, akakaa darasani, akakaa tena kwenye masomo ya jioni, dakika hizo atazipata wapi? Nusu saa ya mchakamchaka kwa siku tano za shule ingempa nusu ya haki yake ya siku kabla kengele ya kwanza haijalia, bila kununuliwa kiatu wala chombo chochote, na walimu waliopata kufundisha kipindi cha kwanza baada yake watakumbuka kwamba usingizi haukuwa tatizo lao kubwa.

Haya niyasemayo kwa watoto nawaambia pia watu wazima wa klabu za jogingi, ambao Jumapili alfajiri huzijaza barabara za Temeke na Kinondoni kwa fulana za rangi moja na ngoma. Wengi wao wamekwisha kuufufua mchakamchaka bila kuuita kwa jina lake, na nawapongeza kwa dhati. Walakini katika klabu hizo huingia watu wa makamo ambao hawajakimbia kwa miaka mingi, na wengine wana shinikizo la damu ambalo halijapata kupimwa. Hao hupelekwa na hamasa ya vijana, wakanyamaza katikati ya wimbo, wakaendelea kukimbia kwa aibu ya kusimama. Viongozi wa klabu wapime shinikizo la damu la wanachama wapya kabla ya kuwapa fulana, jambo ambalo zahanati nyingi hulifanya kwa dakika chache. Na mpiga ngoma awekwe nyuma, karibu na wale wanaochelewa, badala ya mbele pamoja na wenye miguu myepesi, apate kuyasikia maitikio ya watu wa mkiani na kuupunguza mpigo mara yanapoanza kufifia.